Mgongo wa Kadi

Kwa wiki tatu neno "sijui" limeninyima usingizi. Swali lenyewe ni hili: mtu akiulizwa jambo analolijua, akajibu kwamba hajui, amesema uongo, au amekataa tu kujibu kwa adabu? Nimeligeuza swali hilo kila upande. Kuna upande unaosema uongo ni uongo. Kuna mwingine unaosema hakuna binadamu anayejua jambo lolote kikamilifu, kwa hiyo kila "sijui" ina ukweli kidogo ndani yake. Huo wa pili niliutunga mwenyewe, na ndiyo maana siuamini. Nina shahada ya isimu. Nilitarajia ingenisaidia mahali kama hapa.

Niliulizwa kuhusu mzee mmoja ambaye sote ofisini tulimwita Mhariri. Mlinzi wa mlangoni alimwita hivyo, na mkewe akipiga simu alimwita hivyo pia. Nilifanya kazi chini yake miaka miwili, katika kampuni ndogo ya vitabu inayotengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule. Tulianza katikati ya jiji, orofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Kisha tukahamia Westlands, orofa ya tisa, ambako lifti inaongea. Mhariri alipoisikia kwa mara ya kwanza ikimwambia mlango unafunguka, aliijibu, "Naona." Halafu akapanda ngazi, siku hiyo na siku zote zilizofuata.

Alifanya kazi kwa kadi. Kila maana ya neno ilikuwa na kadi yake, na haikuandikwa mpaka mtu aliye hai aitamke mbele yake, bila kulazimishwa. Usoni mwa kadi aliandika maana na sentensi ya mtu huyo. Mgongoni aliandika ni nani aliyesema, wapi, siku gani, alikuwa akifanya nini, na ni nani mwingine aliyekuwepo akasikia.

"Kadi isiyo na mgongo ni uvumi," aliniambia siku yangu ya kwanza, akinikabidhi sanduku la viatu lililojaa kadi ili nizichape kwenye kompyuta. "Usiniambie neno lina maana gani, msichana wa chuo. Niambie nani alisema."

Fomu ya kompyuta ilikuwa na nafasi ya uso tu. Niliona hilo siku hiyo hiyo. Nilitumia siku tatu nikiwaza kama nimwandikie fundi wa kompyuta, nimwandikie kwa Kiswahili au Kiingereza, na kama angeniona msumbufu kabla hata sijalipwa mshahara wa kwanza. Siku ya nne nikaanza kuchapa nyuso. Migongo nikaiacha.

Kamusi iligawanywa kwa herufi, na Mhariri akachagua J. Wenzake walikuwa wakihangaika na herufi nene. "Mimi nimejipa likizo," aliwaambia. Kisha akakutana na jump, neno ambalo mtoto yeyote wa darasa la kwanza angekutafsiria huku akilicheza, na likizo ikaishia hapo. Alikaa kwenye neno hilo miezi kumi na moja.

"Mhariri, bado uko kwa jump?" Madam Mkurugenzi alimuuliza katika mkutano mmoja.

"Bado, Madam. Sijatua."

Hakuridhika kwamba jibu ni "ruka". Waingereza, alisema, wamelitwika neno hilo dogo mizigo ya nyumba nzima: bei, ukuta, foleni, betri, hofu. Yeye alitaka kujua watu wa hapa wanapovibeba vitu hivyo wanasemaje. Kwa hiyo siku za Jumamosi, akiwa na sweta yake ya kahawia, penseli aliyoichonga kwa wembe na chupa ya chai, alienda kuwauliza. Mara nne alinichukua. Sijui ni kwa nini alinichagua mimi. (Hapo "sijui" ni ya kweli. Nimeikagua.)

Alianza na betri. Tulienda kwa mafundi wa magari karibu na Barabara ya Kirinyaga, na Mhariri akamuuliza kijana aliyekuwa na nusu ya mwili chini ya gari: gari likifa betri, ukaliwasha kwa nyaya kutoka gari jingine, unasemaje?

"Gari yako iko wapi, mzee?"

"Sina gari."

"Sasa unataka nikuwashie nini?"

"Nataka neno."

Fundi alitoka chini ya gari ili amwone vizuri mteja wa aina hii. "Tunasema tunaijampisha. Kwani Kiswahili yenyewe inasemaje?"

"Hicho ulichosema ndicho Kiswahili chenyewe," Mhariri akajibu kwa furaha, akampongeza na kumsahihisha kwa pumzi moja. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliamini kwa moyo wote kwamba lugha ni ya wenye vinywa, na hakuweza kusikia "kitu yangu" bila kufumba jicho moja kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Nilimuuliza siku moja haya mawili yanakaaje pamoja. "Yanakaa vibaya," alisema.

Sokoni Kangemi, alimuuliza mama mboga kama bei ya nyanya imeruka.

"Nyanya haina miguu, mzee. Bei imepanda."

"Na inapopanda, mama, inapanda kwa nini? Si kwa miguu?"

Mama mboga alimtazama, akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayemwona jamaa wa mgonjwa. "Msichana, mpeleke huyu mzee akapumzike. Na mchukue kitunguu, ni zawadi." Kadi ile iliandikwa: bei hupanda, hairuki. Na mgongoni, mwisho kabisa: kitunguu kimoja.

Utafiti wake wa foleni ulimchukua wiki kadhaa, na nadhani ndio aliojivunia zaidi. Kila mtu alipoingilia foleni mbele yake, iwe benki, iwe kwenye kibanda cha chapati tulikokula mchana, Mhariri hakugomba. Alitoa penseli. "Samahani, ndugu yangu, hili ulilofanya sasa hivi, wewe unaliitaje?"

"Nilikuwa nimeshikiwa laini na beshte yangu," alijibu wa kwanza.

Wa pili alikuwa anauliza tu swali moja dogo. Wa tatu alikuwa amekuja mapema, akatoka, akarudi. Aliwauliza watu sita, na hakuna hata mmoja aliyeruka foleni. Walioruka walionekana na walio nyuma peke yao. Mhariri aliandika kadi yenye maelezo ambayo Madam baadaye aliyafuta akisema si ya kitaaluma: hutamkwa na waliorukwa tu.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuruka kitu. Nasema kama shahidi. Mvua ikinyesha Westlands na mtaro ukijaa, sisi wengine tulipiga hatua ndefu tukatua ng'ambo na soksi zilizolowa. Mhariri aliufuata mtaro mpaka kituo cha mafuta, kwenye daraja, akarudi kwa upande wa pili, akatukuta mlangoni tunajikamua. Gazeti alilisoma kuanzia jina lake mpaka tangazo la mwisho la kifo cha mtu asiyemjua. Kitabu kibovu alikimaliza. Nilipomwambia kwamba inachekesha, mtu kutumia karibu mwaka mzima kwenye neno asilolitenda, alifikiri kidogo. "Daktari wa wajawazito ni mwanamume," alisema. "Na watoto wanazaliwa."

Kitisuru tulienda kwa ajili ya ukuta. Askari wa lango moja, mtu mrefu mwenye koti la mvua siku ya jua, alikataa kabisa kwamba ukuta wake unaweza kurukwa. "Hapa hakuna mtu anaruka, mzee. Kuna nyaya za stima huko juu. Labda ndege." Wakati huo mama aliyefanya kazi za nyumbani mle ndani alikuwa amekuja langoni kununua mkate, akasikia.

"Wanaoruka ni wanaume," alisema. "Wangu aliniruka mbele ya baba yangu. Akasema, huyu simjui."

Mhariri akauliza maneno hasa yalikuwa yapi, akayaandika, ingawa Mwingereza hasemi hivyo na kadi haikuwa na sanduku la kuingia. "Hii ni yetu," alininong'oneza.

"Na mtoto wamefanana mpaka masikio," mama yule aliongeza.

Mhariri akaweka penseli mfukoni. Hilo hakuliandika. Alimuuliza mtoto ana miaka mingapi, anasoma wapi, anapenda nini, na tukasimama pale langoni karibu nusu saa mpaka mkate ukapoa. Njiani nilimuuliza mbona masikio hayakuingia kwenye kadi. "Neno alinipa," alisema. "Masikio alikuwa ananiambia tu."

Safari yetu ya nne ilikuwa Karen, kwa watu wanaofuga farasi wa mashindano. Mvua ilitukuta zizini. Alinipa mwavuli, nami nikamfunika, akaniondoa mkono: nifunike kadi, si yeye. Mtunza farasi alikuwa akimpangusa farasi mweupe kwa gunia, na Mhariri, maji yakimtiririka shingoni, akamuuliza farasi huyo anarukaje.

"Huyu? Huyu haruki, mzee. Anarushwa. Mwenyewe ukimwacha, akiona kile kizuizi anazunguka."

Sijawahi kumwona Mhariri akifurahi vile. Alimtazama farasi kwa heshima ya mtu aliyekutana na wa ukoo wake. "Ana akili," alisema, akaandika kadi, akaigeuza, akaandika mgongo. Alinilipia nauli ya kurudi kama alivyonilipia ya kwenda. Nilipotaka kumrudishia alisema, "Kampuni hainitumi huku. Najituma. Kwa hiyo mgeni ni wangu."

Nakumbuka sentensi hiyo neno kwa neno. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mwezi wa kumi na moja wa jump, Madam alimstaafisha. Kulikuwa na keki, na hotuba iliyomshukuru kwa "kujitolea". Mhariri alikata keki vipande vilivyolingana kabisa, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko hotuba. Jump ikapunguzwa kutoka maana thelathini na kitu mpaka tano, nikapewa mimi nizichague. Ukurasa wa mbele ukaandikwa kwamba kamusi ni kazi ya jopo. Masanduku ya viatu yakaingia stoo, maana nyuso zilikuwa tayari kwenye kompyuta na hakuna aliyehitaji kadi zenyewe tena.

Baada ya miezi miwili Mhariri aliandika barua. Hakuomba pesa wala jina lake kitabuni. Aliomba arudishiwe kadi za jump, kwa sababu, alisema, alizikusanya siku zake za mapumziko kwa nauli yake, na alitaka kuendelea nazo nyumbani. Madam alimwita. Nikaitwa na mimi. Tulikaa watatu kwenye meza ya vioo, na Mhariri alikuwa amevaa tai juu ya sweta.

Madam si mtu mbaya. Laiti angekuwa, ningelala. Alisema tu kwamba kwenye mfumo hakuna kinachoonyesha kadi hizo si za kampuni. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye ulifanya kazi naye. Alikuwa anazitafuta wakati wa kazi ama wakati wake?"

Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na ulikuwa unaisha wiki ile. Nisiseme sikulikumbuka hilo. Nililikumbuka kwanza.

"Sijui, Madam," nikasema.

Nilisubiri Mhariri aseme kitu. Alitazama meza. Niliona midomo yake ikianza, ikaacha. Kisha akainuka, akarekebisha tai, akasema, "Basi," na akateremka ngazi za orofa tisa.

Mkataba ukaongezwa. Madam aliniandikia ujumbe wenye kikaragosi kinachotabasamu. Baadaye ukaja ujumbe mwingine kwa wote: stoo itasafishwa mwisho wa mwezi, karatasi zote kuukuu zitauzwa kwa kilo.

Jumamosi iliyopita nilienda kwake Uthiru nikiwa na mkate na sukari. Njiani nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia, na kwa mpangilio mzuri tu, lakini alipofungua lango alisema, "Karibu, msichana wa chuo. Umekonda," na mpangilio ukaisha. Mkewe alikuwa mazoezi ya kwaya. Alinitilia chai mwenyewe. Aliniuliza habari za kazi. Nikamwambia kuhusu stoo, kwa haraka, nikitazama kikombe.

"Kwa kilo," alisema. "Basi zitaenda kufungia njugu. Angalau watu watazisoma wakitafuna."

Hakucheka, nami nikashindwa kucheka. Baada ya muda alisema miwani yake imevunjika mkono na kesho yake ni zamu yake ya kusoma neno kanisani. Alitaka nimsomee asikie mahali pa kupumua. Biblia ilikuwa mezani. "Pale palipoalamishwa," alisema.

Palikuwa pamealamishwa kwa kadi.

Mara moja niliogopa kwamba ingekuwa ile ya mama wa Kitisuru. Nadhani hata nilitaka iwe hiyo, ingenifaa, ningeadhibiwa kwa mpangilio. Haikuwa hiyo. Ilikuwa kadi ya farasi. Niliigeuza. Kwa mwandiko wake wa penseli: Jumamosi, Karen, zizini, mvua. Amesema mtunza farasi akimpangusa mmoja. Siku ya mapumziko, nauli yangu mimi. Shahidi: kisha majina yangu yote matatu, ameshika mwavuli.

"Mzee. Hii ulikuwa nayo siku ile ya mkutano?"

"Ilikuwa hapo hapo kwenye Biblia. Niliondoka nayo ofisini siku ya keki bila kujua."

"Lakini zile za stoo. Zote zina migongo. Ungewaambia tu wazigeuze."

"Ningewaambia." Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Nilitaka kuwaambia. Lakini wewe ulikuwa umeshajibu. Ningegeuza kadi pale mezani, na jina lako liko pale, wewe ungebaki wapi?"

Niliigeuza kadi, farasi akawa juu.

"Mkataba wamekupa?"

"Miezi mitatu."

"Ni vizuri," alisema, na alimaanisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa kabisa.

Nilimsomea neno lake la kanisani mara mbili, akanionyesha pa kupumua. Nilipoinuka nikamwomba niazime kadi.

"Utairudisha?"

"Nitairudisha."

"Kwa sababu sasa sijui nilikuwa ukurasa gani," alisema, akifungua lango.

Jumatatu nilifika ofisini mapema. Nilipanda ngazi, si kwa ushujaa, nilitaka muda wa kuwaza, na kufika orofa ya sita nilikuwa nimepata sababu nne nzuri za kungoja mpaka Jumanne. Orofa ya saba nikapata ya tano. Nilipofika juu sikuwa na pumzi ya kuzieleza, nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Madam.

"Niaje, uko sawa? Unahema."

"Madam, wiki tatu zilizopita uliniuliza kama Mhariri alikusanya kadi wakati wake. Nilisema sijui." Nikaweka kadi mezani, uso juu. "Nilijua."

Aliisoma. "Hii ya farasi? Hii tuko nayo kwa mfumo."

"Naomba uigeuze."

Aliigeuza. Alisoma polepole, na nikaona jicho lake likifika kwenye majina yangu matatu na kubaki hapo.

"Ziko ngapi zimeandikwa hivi nyuma?"

"Zote. Mimi ndiye nilichapa upande mmoja. Fomu haikuwa na nafasi, na sikusema."

Alisoma mgongo mara ya pili. Hakusema kama atanifukuza, wala kama hatanifukuza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujaribu kukisia. Alifungua droo, akatoa karatasi nyeupe na ufunguo wa stoo, akaviweka pamoja mbele yangu.

"Andika hayo yote. Weka sahihi. Kisha mpelekee sanduku zake."

Niliandika mistari minne na sikuifuta hata mmoja. Niliweka sahihi. Kisha nikaigeuza karatasi, nikaandika mgongoni: Jumatatu, Westlands, orofa ya tisa. Hakuna mvua. Aliyesema ni mimi. Shahidi: Madam.